Mwongozo kamili: namna ya kuiona meli kubwa ya mizigo ikiingia bandari ya Malindi, Unguja, toka nanga mpaka kamba ya mwisho

Haya jamani, swali hili limekuwa likija na kurudi: mbona tunaenda Forodhani tunaambiwa kuna meli kubwa, tukifika tunaona boti za Dar na ngalawa tu? Na wengine wanaiona kweli, imekaa kule upande wa kisiwa cha Changuu haijitikisi, wanangoja saa mbili, saa tatu, watoto wanaanza kulia njaa, wanaondoka zao, alafu nusu saa baadae ndo inang'oa nanga na kuingia. Inauma, khasa ukiwa umemtoa mtoto Makunduchi au Nungwi kwa daladala ili aone meli.

Wengi wetu tumeona zile video za mfereji wa Panama. Meli inaingia kwenye lango, maji yanapanda, inanyanyuliwa ngazi kwa ngazi mpaka inafika mita 26 juu ya bahari, na watu wamejipanga pale Miraflores wanaangalia kwa raha zao kwa sababu wanajua saa ya kupita. Hapa kwetu hakuna lango la chuma. Lango letu ni maji kujaa. Anaejua maji yanajaa saa ngapi na gati ina nani, huyo ataiona meli. Asiejua atabahatisha tu, na mara nyingi atakosa.

Kwahiyo fuateni hatua hizi kwa mpangilio wake, msiruke.

Vitu vya kuwa navyo

Simu yenye bando na app ya kufuatilia meli. MarineTraffic au VesselFinder, ile ya bure inatosha kabisa, usilipie kitu.

Jedwali la maji kujaa na kupwa la Zanzibar. Zipo app za bure na zipo tovuti. Kama una jirani mvuvi muulize yeye, atakujibu bila kufungua simu.

Darubini. Hapa watu wanakosea sana, wanataka ile inayovuta mara 20, wakiishika mikono inatetemeka hawaoni chochote. Chukua iliyoandikwa 7x50 au 8x42. Hiyo 7x50 ndo wanayotumia mabaharia wenyewe, kwa sababu inapokea mwanga mwingi na haitetemeki sana.

Pawabenki, maji ya kunywa, kofia, daftari na kalamu. Na nguo ya heshima, mtakaa Mji Mkongwe masaa, watu wanapita kwenda msikitini.

Drone iache nyumbani. Bila kibali usiirushe, na karibu na bandari ndo usifikirie kabisa.

Hatua ya 1: Itafute meli kwenye simu kabla hujavaa viatu

Fungua app, vuta ramani mpaka uone Unguja, alafu angalia bahari mbele ya Mji Mkongwe. Kwenye MarineTraffic meli za mizigo zina rangi ya kijani, za mafuta nyekundu, za abiria buluu, na boti za mwendo kasi njano. Matagi, yaani boti za kusukuma na kuvuta meli kubwa, yana buluu iliyopauka. Alama yenye ncha maana yake meli inatembea, ya duara maana yake imesimama.

Unachotafuta ni kijani. Gusa kila kijani uangalie mambo manne: urefu wake, hali yake kama imetia nanga au imefunga gatini, inakokwenda, na taarifa imepokelewa lini. Hilo la mwisho watu hawaliangalii kabisa na ndo linalowapoteza. Mawimbi ya redio kutoka melini yanapokelewa na mitambo ya nchi kavu, na kama hakuna mtambo karibu uliopokea basi unachokiona kwenye ramani kinaweza kuwa cha masaa sita yaliyopita, meli ishafika Mombasa huko.

Pale kwenye kituo inakokwenda mara nyingi utaona herufi za kifupi. ZNZ ndo Zanzibar, DAR ni Dar es Salaam, TGT ni Tanga, MBA ni Mombasa. Ikiwa imeandikwa DAR usijisumbue, hiyo inapita tu. Na jua kwamba maneno hayo anayaandika baharia kwa mkono wake, kwahiyo mara nyengine meli imeshafika hapa bado inaonyesha bandari ya jana.

Majahazi na mashua usiyatafute humo, hayamo. Mtambo wa kutuma hayo mawimbi ya redio ni lazima kwa meli kubwa zinazosafiri kimataifa, vyombo vidogo vingi havina.

Umefanikiwa hatua hii ukiwa na jina la meli moja au mbili, urefu wake, na unajua kama iko nanga au iko njiani.

Hatua ya 2: Soma saa sawasawa, hapa ndo wengi wanapofeli

Ile saa ya kufika inayotumwa na meli iko kwa saa za kimataifa, zile zinazoitwa UTC. Afrika Mashariki tuko mbele masaa matatu. Alafu sisi tena tuna saa zetu za Kiswahili ambazo zinatofautiana na za kizungu kwa masaa sita. Mtu anaona 04:00 anadhani alfajiri saa kumi, anaamka usiku wa manane, anakaa pwani peke yake na mbu.

Njia rahisi: toa 3 kwenye saa ya UTC unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. Ikiandikwa 04:00 toa 3 unapata saa moja asubuhi. 10:00 ni saa saba mchana. 13:00 ni saa kumi jioni. Ikizidi 12 baada ya kutoa, toa 12 tena, mfano 16:00 inabaki 13, toa 12, saa moja usiku. Ikiwa 03:00 au chini yake, ongeza 12 kwanza ndo utoe 3. Basi.

Ila kwanza angalia app yako imesetiwa vipi, nyengine zinageuza zenyewe kuwa saa za hapa kwetu, ukitoa tena utakuwa umekosea mara mbili. Kama pembeni ya saa pameandikwa UTC ndo ufanye hesabu.

Na meli ikishatia nanga hiyo saa ya kufika haina maana tena. Imeshafika. Sasa inangoja, na inachongoja ndo hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Jua maji na jua gati

Hii hatua ni ndefu kidogo, msichoke, kila kitu kimesimama hapa.

Meli iliyojaa mzigo inazama chini, inataka maji ya kutosha chini ya tumbo lake wakati inapita baina ya mafungu, yaani vilima vya mchanga na miamba chini ya maji, na wakati inasogea gatini. Maji yakijaa inapata nafasi zaidi. Na kuna sababu ya pili ambayo watu hawaifikirii: karibu na kilele cha kujaa, mkondo unapungua nguvu kabla haujageuka. Kulisogeza dude la maelfu ya tani taratibu mpaka liguse gati, ni bora maji yawe yametulia kuliko yakiwa yanavuta. Ndo maana meli nzito zinapenda kuanza safari ya mwisho maji yakiwa yanakaribia kujaa.

Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvu, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo sana, kama mita moja hivi.

Sasa chukueni hii. Hapa Unguja siku za bamvu maji yanajaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa ni karibu saa nne. Siku za maji mafu inageuka, kujaa kunakuja karibu na saa nne. Kwahiyo ukihesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu unaweza kukisia bila hata jedwali: tarehe 29 mpaka 1 na tarehe 14 mpaka 15 kujaa ni saa kumi hivi, tarehe 4 mpaka 6 na tarehe 18 mpaka 20 maji yanajaa asubuhi, baina ya saa moja na saa tatu. Ni makisio, siku ya kwenda hakikisha kwenye jedwali, lakini kwa kupanga wiki mbili kabla inatosha.

Na kwa maoni yangu hizo tarehe 4 mpaka 6 na 18 mpaka 20 ndo siku bora kuliko zote. Bamvu haijapotea mbali, kujaa ni asubuhi, na asubuhi jua liko nyuma yako, kwa sababu Mji Mkongwe unaangalia magharibi. Meli inawaka rangi zote. Jioni ukiangalia upande ule ule jua linakupiga usoni na meli inakuwa kivuli cheusi, picha zinaharibika, na darubini ndo usithubutu kuielekeza karibu na jua, inaunguza jicho kweli, watoto waambieni mapema.

Sasa gati. Gati kuu ya Malindi ina urefu wa karibu mita 240. Meli ya mita 150 ikifunga pale imeshakula zaidi ya nusu. Kwahiyo maji yanaweza kujaa mpaka yakamwagika, kama gati ina mtu meli ya nje haiingii. Ndo maana unaona meli zinakaa nanga siku kadhaa.

Usiiangalie ya nje peke yake, iangalie na ya ndani. Siku ambayo meli ya gatini inamaliza kushusha, kreni zimetulia, makontena juu ya dek yamebaki machache au yamepangwa mapya ya kurudi tupu, basi hiyo inakaribia kutoka, na ikitoka ile ya nje inaweza kuingia muda si mrefu. Siku hiyo unaona meli mbili kwa wakati mmoja, moja inatoka moja inaingia. Hakuna siku nzuri kuliko hiyo.

Umefanikiwa ukiweza kusema hivi: "meli fulani iko nanga, gati inakaribia kuwa tupu, maji yanajaa saa mbili asubuhi, niwepo kuanzia saa kumi na mbili na nusu." Ukishafika hapo umeshawazidi asilimia kubwa ya wanaokwenda.

Hatua ya 4: Chagua pa kukaa

Mizingani, kwenye ukuta wa pwani karibu na Mti Mkubwa na lile jengo la Old Dispensary. Hapa ndo karibu zaidi na gati kwa mtu wa kawaida bila ruhusa ya mtu. Unaona kamba zinavyofungwa. Kama una siku moja tu, kaa hapa.

Forodhani ni pana, kuna viti, kuna vivuli, jioni kuna vyakula. Wenye watoto wadogo kaeni huku. Ila gati iko mbali kidogo na boti za Dar zinapita mbele kila mara, mnaweza kuchanganya.

Juu ya paa. Zipo hoteli na mikahawa kwenye ukanda wa Shangani na Mizingani zina baraza juu, nunua juisi au chai ukae. Faida yake ni hesabu tu: macho yakiwa mita 2 juu ya bahari, upeo unaoona uko km 5 hivi, ukipanda mita 15 unaona mpaka karibu km 14. Meli yenyewe ni ndefu kwenda juu kwahiyo utaiona mbali zaidi ya hapo, kwanza mlingoti, alafu chumba cha nahodha, alafu mwili. Kwa anaetaka kuiona inavyokuja toka mbali, paa ndo mahala pake.

Ndani ya bandari msijaribu kuingia bila ruhusa. Ni eneo la ulinzi, kuna makontena yanapita juu ya vichwa vya watu, na si pahala pa matembezi. Na sehemu za jeshi au KMKM, kile kikosi cha kuzuia magendo, usielekeze kamera, hata kama meli nzuri iko nyuma yake.

Kama unasafiri na boti kwa shughuli zako, panda dek ya juu. Ukitoka Dar kuingia Malindi mji uko mkono wa kulia na meli za nanga ziko kushoto. Watu wote wanakimbilia kulia kupiga picha mji, nenda kushoto.

Hatua ya 5: Zisome dalili za kuondoka nanga

Fika saa moja na nusu kabla ya kilele cha maji. Usifike kwenye kilele, utakuta imeshageuka.

Ukishakaa shika darubini uangalie meli ya nanga. Mchana meli iliyotia nanga inaweka tufe jeusi mbele, juu ya omo, yaani pua ya meli. Likiteremshwa tu ujue nanga imetoka chini. Kabla ya hapo utaona watu wa kofia ngumu wamekusanyika omo, na maji yanamwagika kwenye mnyororo, wanaosha tope wakati unavutwa. Moshi wa bomba unaongezeka.

Alafu angalia bandarini. Tagi likiwasha na kutoka, kuna kitu. Boti ndogo ya rubani ikielekea kwenye meli, hapo sasa mambo yamekamilika. Rubani ni nahodha anaeijua bandari hii, mafungu yake na mikondo yake, anapanda melini kwa ngazi ya kamba iliyoning'inizwa ubavuni huku boti na meli zote zinatembea. Ni kazi ya hatari. Kama kupanda kunazidi mita 9 kanuni zinataka ngazi ya kamba iunganishwe na ngazi ya kawaida ya meli. Ukibahatika kuona rubani anavyopanda, tulia umuangalie mpaka mwisho, kwangu mimi hii ndo sehemu inayonikosesha pumzi kuliko zote.

Akishafika juu meli inapandisha bendera nusu nyeupe nusu nyekundu, maana yake rubani yumo. Bendera nyengine za kuzijua: nyekundu tupu yenye mkato wa pembe upande wa nyuma, mzigo wa hatari kama mafuta au gesi. Njano tupu, meli inasema watu wake ni wazima na inaomba ruhusa ya afya. Buluu yenye mraba mweupe katikati, meli iko karibu kuondoka, watu wake warudi melini. Bendera ya nchi iliyoko nyuma ni ya usajili, utaona Panama na Liberia na Marshall Islands mara nyingi kuliko nchi za wenye mali, na ya Tanzania inayopandishwa mlingotini ni ya heshima kwa mwenyeji.

Hatua ya 6: Angalia inavyoingia

Itakuja polepole. Mwendo kwenye app unaandikwa kwa noti, noti moja ni km 1.85 kwa saa, kwahiyo ukiona 4 ni kama mtu anaekimbia polepole. Msivunjike moyo, huo upole ndo ufundi. Meli kubwa haina breki, ikitaka kusimama inageuza mashine irudi nyuma na bado itateleza mbali.

Sikiliza honi. Mlio mmoja mfupi, nageukia kulia. Miwili mifupi, kushoto. Mitatu mifupi, mashine zinarudi nyuma. Mitano au zaidi ya haraka haraka maana yake sikuelewi au kuna hatari, na hapa kwetu mara nyingi kuna mtu wa mashua yuko mbele yake.

Karibu na gati mwangalie tagi. Linasukuma ubavuni kwa pua yake au linavuta kwa kamba, na meli inakwenda kwa ubavu, jambo ambalo peke yake isingeliweza vizuri. Ukiona maji yanachemka nyuma ya tagi basi linasukuma kwa nguvu.

Alafu kamba. Baharia anarusha kwanza kamba nyembamba yenye kifundo kizito mwisho, mtu wa gatini anaidaka au anaiokota, anaivuta, na nyuma yake inakuja kamba nene kabisa, inavishwa kwenye nguzo ya chuma. Wanafunga za omo, za tezi yaani nyuma ya meli, na zile za kukaza zinazolala kwa urefu wa meli kuizuia isiende mbele wala nyuma. Hesabu kamba. Kamba ya mwisho ikikazwa na tagi likiondoka, kazi imekwisha, na hapo ndo umeiona meli ikiingia toka mwanzo mpaka mwisho. Kazi yote toka nanga kung'oka inaweza kula saa nzima au zaidi, kwahiyo chai iwe imeshanywewa mapema.

Hatua ya 7: Usiondoke, isome meli

Watu wengi kamba ikifungwa wanakwenda zao kula urojo. Kaeni dakika 20 zaidi.

Nyuma ya meli pameandikwa jina na bandari ya usajili. Karibu na hapo au kwenye ukuta wa chumba cha nahodha kuna namba ya IMO, tarakimu 7, haibadiliki maisha yote ya meli hata ikibadilishwa jina na mwenyewe mara kumi. Watoto wa skuli wapeni hesabu hii: zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3, 2 kwa mpangilio, jumlisha, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ifanane na tarakimu ya saba. Mfano 9074729: 63 na 0 na 35 na 16 na 21 na 4, jumla 139, inaishia na 9. Sawa. Ikikataa basi mmesoma vibaya, vuteni darubini tena.

Kwenye omo na tezi kuna namba za kina zimepangwa wima. Kila namba ina urefu wa sentimita 10, na maji yakigusa chini ya namba ndo kipimo chake, kwahiyo maji yakiwa chini ya 8M meli imezama mita 8 kamili. Andika kwenye daftari. Rudi kesho yake baada ya kushusha mzigo usome tena, utaona imepanda, na rangi nyekundu ya chini iliyokuwa imejificha imetoka nje. Ile pua ya mviringo chini ya omo nayo itatokeza, hiyo imewekwa kupunguza wimbi linalozuia meli, si pambo.

Katikati ya ubavu tafuta duara lililokatwa na mstari. Pembeni yake kuna mistari yenye herufi, T ni bahari za joto kama yetu, S kiangazi, W baridi, F maji baridi ya mto, yaani yasiyo na chumvi. Meli hairuhusiwi kuzama kupita mstari wake. Maji ya chumvi yanabeba zaidi ndo maana mstari wa F uko juu kuliko wa S.

Urefu wa meli unaweza kuupima kwa macho kwa kutumia makontena. Kontena refu ni mita 12.2, fupi mita 6.1. Hesabu marefu kutoka mbele mpaka nyuma, ongeza chumba cha nahodha na nafasi ya omo, linganisha na app. Mkikaribia ndani ya mita 15 mko vizuri sana.

Wanaotaka kwenda na mashua

Inawezekana, mashua za Changuu zinapita upande wa meli za nanga na kwa karibu meli inatisha kwa ukubwa. Lakini patana bei kabla hamjaondoka, kila mtu avae jaketi la kuokolea, na muambie nahodha mapema mnataka kuangalia meli iliyosimama tu. Meli inayotembea usiikaribie hata mita 500, na usikatize mbele yake. Aliye juu kwenye chumba cha nahodha hamuoni mtu aliye chini ya omo yake, makontena yanamziba. Na ikiwa upepo wa kusi umekaza, ahirisheni.

Usiku

Usiku inafaa kwa watu wazima wenye subira. Meli inayokuja kwako inaonyesha taa nyeupe mbili, ya nyuma iko juu zaidi, na nyekundu na kijani. Ukiona nyekundu na kijani zote mbili inakuelekea wewe, ukiona nyekundu peke yake unaangalia ubavu wake wa kushoto, kijani wa kulia. Nyeupe juu ya nyekundu ni boti ya rubani. Meli ya nanga ina taa nyeupe mbele na nyuma, na mara nyingi dek yote imewashwa.

Ndugu zetu wa Pemba

Mkoani na Wete mtaona boti na meli za kwenda Unguja, lakini kwa kuangalia meli kubwa zinavyopita mimi ningekwenda Ras Kigomasha, kwenye mnara wa taa wa chuma uliojengwa mwaka 1900. Mkondo wa Pemba, baina ya kisiwa na bara, ni bahari ya kina kirefu sana, mamia ya mita, kwahiyo huku maji kujaa na kupwa hayahusu kabisa, meli inapita saa yoyote inayotaka, na meli za Tanga zinautumia mkondo huo. Tegemea app peke yake: ukiona kijani inashuka kutoka kaskazini, pima umbali, gawa kwa mwendo wake, utajua inafika mbele yako saa ngapi. Kwa mfano iko maili 20 za baharini na mwendo ni noti 10, una masaa mawili. Muombe ruhusa mlinzi wa mnara kabla ya kupanda, kuna malipo kidogo, na watoto wadogo wasipande bila mtu mzima kwa sababu ngazi ni kali.

Ukikosa, sababu ni moja kati ya hizi

Meli iko nanga na haikuingia: gati ilikuwa na mtu. Endelea kuangalia app asubuhi na jioni, siku meli ya gatini ikianza kutoka wewe uwe njiani.

App inasema ipo, macho hayaoni: taarifa ni ya zamani, au iko nyuma ya Changuu au Bawe. Sogea mita mia mbili kuelekea Shangani uangalie tena.

Umefika imeshafunga: umechukua saa ya kilele kama saa ya kufika. Toa saa moja na nusu safari ijayo.

Huoni hata kisiwa: masika hiyo, Machi mpaka Mei mvua inafunga kila kitu. Ngoja kipupwe, kuanzia Juni hewa inasafishika, na kama unaweza pangia zile tarehe 18 mpaka 20 za mwezi.